Mtu Aliyetuchagulia Darubini

Sijui mtazamaji wetu alizaliwa mwaka gani, na ukoo wake sitauelezea, maana watu wa kwao wapo na wanaujua kuliko mimi. Mimi nilimjua porini, na nilimjua hapa Ifakara alipokaa kati ya safari na safari. Amekwisha kufa. Nimesoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo nitaandika niliyoyaona kama nilivyoyaona, hata yale yasiyonipendeza mwenyewe.

Miaka ile ya tisini, mtu mwenye leseni ya kuwinda alifika Ifakara na bunduki yake, akatafuta wenyeji wa kwenda naye bondeni kwa miguu. Safari ilikuwa siku tatu, nne, mara nyingine wiki nzima. Alihitaji wabeba mizigo, mchinjaji, na mtazamaji. Mtazamaji ndiye aliyevaa darubini. Yeye hutangulia, huangalia kilichoko ndani ya matete, na neno lake ndilo lililomruhusu mwenye bunduki kupiga. Mtazamaji wetu hakushika bunduki hata siku moja. Wageni wengine walitaka kumpa ajaribu, akawa anaficha mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa kunawa.

"Mwenye bunduki tayari anataka kupiga," alisema. "Mtu anayetaka kupiga humwona nyati hata kwenye kichuguu."

Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, na alitembea haraka kuliko sisi vijana. Shingoni alikuwa na mstari mweusi ulioachwa na mikanda ya darubini. Mkanda wa kiwandani hakuutaka. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga yeye mwenyewe, akasema mpira haukati ngozi na ukilowa haunyongi.

Watu walimletea darubini azikague, wengine wakiwa wamekwisha kuzinunua. Nyingi zilikuja na treni, zimetumika, hujui zimetoka kwa nani. Namkumbuka mwalimu mmoja kutoka Kiberege aliyependa sana kuwinda sheshe, wale swala wa bondeni. Alikuja na darubini kubwa ya kijeshi, nzito, ya kijani, anaishika kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga.

"Mwalimu, hii umeinunulia shingo ya nani?" akamuuliza mtazamaji wetu, ambaye sote tulimwita mzee.

"Yangu, mzee."

"Haya, ivae. Twende Michenga."

"Michenga kufanya nini?"

"Kwenda na kurudi."

Tulikwenda. Mzee hakuigusa ile darubini wala hakuitazamia. Njiani mwalimu aliitoa shingoni akaining'iniza begani. Tulipogeuka alikuwa ameibana kwapani. Kabla ya kufika mjini aliniomba nimshikie kidogo. Mzee akasimama.

"Mwalimu, darubini iko wapi?"

"Anayo huyu."

"Nyati akitokea sasa hivi, nani atamwona?"

Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Aliirudisha siku ileile kwa aliyemuuzia.

Usidhani alipenda tu vitu vyepesi. Kulikuwa na zile ndogo za kukunja, zinaingia mfuko wa shati, nazo alizisema vibaya vilevile. Zile zenye vioo vyekundu ndizo alizochukia kuliko zote. Alisema wekundu ule ni wa kumpendeza mnunuzi, porini unakula mwanga. Alinifundisha kwamba darubini yenye mdomo mdogo huona vizuri saa sita mchana, wakati hakuna mnyama anayetembea. Alfajiri na jioni, wanyama wanapotoka, mdomo mdogo unakuonyesha giza. Na ile inayovuta sana haifai kwa mtu aliyetembea kutwa, kwa sababu inavuta na mtetemeko wa mikono yake.

"Nyati haongezeki nyama kwa sababu darubini yako inamfanya mkubwa," alisema.

Aliyoitaka ilikuwa ya katikati: inavuta mara nane, mdomo wa mbele upana wa kikombe cha kahawa, uzito ambao ukiivaa kuanzia asubuhi, saa kumi jioni bado iko shingoni. Aliitikisa sikioni asikie kama kuna kitu kimeachia ndani. Aliiacha nje usiku kucha, asubuhi akatazama kama ukungu umeingia upande wa ndani wa kioo. Mwisho alitupeleka ukingoni mwa mashamba ya mpunga, akatuonyesha dungu la mbali, lile jukwaa la kulindia ndege na nguruwe.

"Ngazi ina vipago vingapi?"

"Vitano."

"Umehesabu au umekadiria?"

Ukisema umekadiria hakukasirika. Alikwambia uhesabu tena. Ukisema umehesabu na ikaonekana sivyo, siku hiyo hakukusemesha.

Hapo ndipo watu waliposhindwa kumwelewa, maana nje ya kazi alikuwa mwongo, na wa kufurahisha. Alisimulia kambale aliyembeba mgongoni kuvuka mto. Alisimulia kwamba aliwahi kumnyoa simba. Jumapili akitoka kanisani alimwambia paroko kuwa alisikia mahubiri yote, na sote tulimwona amelala benchi la nyuma, mdomo wazi. Mkewe alipokuwa hai alimwambia mbele yetu, "Baba, kwenye darubini tu ndiko unakosema kweli. Ningeolewa nawe ukiwa umeivaa." Naye akajibu, "Nilikuoa nikiwa nimeivaa. Nilikuona kutoka ng'ambo." Mama akamrushia ganda la ndizi.

Pia alijivunia macho yake kupita kiasi. Akikaa barabarani alitangaza wanaokuja kabla sisi hatujaona kitu zaidi ya vumbi. "Yule kwenye baiskeli ni mjomba wako. Ameshalewa. Na baiskeli siyo yake." Akifika, ni mjomba, amelewa, na baiskeli ni ya jirani. Alipenda tushangae. Tusiposhangaa alinuna.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utaratibu ambao sikuuona kwa mtu mwingine. Alikataza kutaja jina la mnyama. Ukiwa na darubini machoni usiseme "nyati." Ulitaja viungo, na vilitakiwa viwe vitatu. Pembe, sikio, mkia. Pua, goti, mgongo. Akishataja yeye, alimpa darubini mtazamaji wa pili, naye ataje vyake bila kunong'onezwa. Wawili wakiafikiana kuwa ni mnyama, hata kwa viungo tofauti, ndipo alipomgeukia mwenye bunduki na kuinamisha kichwa. Kikipungua kiungo kimoja, tulikaa chini tukasubiri, hata kama mgeni anatukana.

Bondeni mle hamkuwa na wanyama peke yao. Wavuvi walikuwa na kambi zao, wanawake walikata nyasi za kuezekea, watu walihamia madunguni msimu mzima. Ndiyo maana ya viungo vitatu. Aliniambia mara moja tu, wala hakurudia: "Mtu naye ana mgongo."

Mtazamaji wa pili nilikuwa mimi. Nilianza kama mbeba mizigo, akanipandisha baada ya misimu miwili. Nilijiona nimefika.

Sasa naingia mahali pagumu. Msimu mmoja aliacha kutangaza watu barabarani. Tulimwambia, "Mzee, nani yule?" akasema amechoka na mambo ya watu. Siku nyingine alimwamkia shemeji yangu akidhani ni katekista. Tukacheka, naye akacheka, akasema alikuwa anamtania. Kwa kuwa alikuwa mwongo wa kawaida, uongo ule ulipita.

Mimi nilijua kwa njia nyingine. Porini alianza kunipa darubini mimi kwanza. Mwanzo alisema ananifundisha. Nikataja viungo vyangu, akaichukua, akatazama kwa muda mrefu, akataja vilevile nilivyotaja mimi. Zamani hatukufanana kamwe. Mimi niliona pembe, yeye aliona kwato. Sasa nikisema pembe, sikio, mkia, naye anasema pembe, sikio, mkia, kwa mpangilio uleule. Mara ya tatu nilielewa, moyo ukaniuma kama nimemkuta baba yangu anaomba chakula kwa watu.

Sikusema. Sikumwambia yeye wala mwingine yeyote.

Mwaka uliofuata, fundi mmoja wa mitambo anayeishi upande wa Kidatu alikuja na leseni ya nyati. Alileta darubini mbili ili mzee achague moja ya safari, maana ile ya mzee alikuwa ameitundika ukutani, akidai imeingia maji. Moja ilikuwa ya katikati, hasa ile aliyotufundisha kuipenda miaka yote. Nyingine ilikuwa ndogo ya kukunja. Mzee alizipima mkononi, kulia na kushoto. Hakuzitikisa, hakutupeleka mashambani. Akaivaa ile ndogo.

"Miguu imezeeka," alisema. "Nachukua nyepesi."

"Nilijua," fundi akasema kwa furaha. "Wazee wanajua uzito wa safari."

Nilimtazama mzee. Yeye hakunitazama. Kwa macho yake zile mbili zilikuwa sawa tu, kwa hiyo alichagua isiyomchosha. Ningeweza kusema, "Mzee, tuchukue hii nyingine, nitaibeba mimi." Maneno hayo ni machache, na nimeyasema mara nyingi tangu siku ile, peke yangu shambani.

Tulitembea siku tatu bila kupata kitu. Fundi alikuwa mtu wa maneno.

"Nimekuja na macho manne," alisema tukila ugali na samaki mkavu. "Mawili ya mzee, mawili ya huyu. Hakuna hata moja linaloona."

"Nyati hajaitwa kwenye kikao, bwana," mzee akamjibu. "Atakuja akitaka."

"Wewe mzee, mbona hutangulii kutazama siku hizi? Kila saa huyu, huyu. Au umestaafu?"

Mchinjaji akacheka. Mzee naye akatabasamu, lakini ugali wake hakuumaliza. Nikaapa moyoni kwamba fundi hatajua.

Asubuhi ya nne kulikuwa na ukungu, na jua lilikuwa limeanza tu kutoka. Ndani ya matete, karibu na maji, kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa kama mgongo uliolowa. Tulichuchumaa. Mzee akanipa darubini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unaona nini?"

Vile vioo vidogo vilinionyesha weusi na kijivu. "Mgongo," nikasema.

"Na nini?"

Kitu kama kamba kilining'inia upande. "Mkia."

"Na nini?"

Nilitafuta. Sikuona kitu cha tatu. Fundi alikuwa anahema nyuma yangu. "Mwache mzee atazame basi," alisema, "au haoni?"

"Sikio," nikasema.

Mzee alichukua darubini, akaiweka machoni, akataja mgongo, mkia, sikio. Akainamisha kichwa.

Aliyepigwa alikuwa mvuvi wa Michenga. Alikuwa ameinama anatoa migono yake, ile mitego ya kufuma ya samaki, na mgongoni alijifunika nailoni nyeusi kwa ajili ya baridi. Kamba ya mgono ndiyo niliyoiita mkia. Sikio halikuwepo, kwa sababu sikuliona. Risasi iliingia juu ya goti. Aliishi, lakini mguu ulikatwa. Leo anajua kila kitu ninachoandika hapa, na ameniruhusu nikiandike.

Mzee, ambaye hakuona kitu, alikuwa wa kwanza kumfikia. Alifuata sauti ya kilio. Alivua shati akafunga paja, akavuta fundo kwa meno. Tulikata miti tukatengeneza machela. Mzee alishika mbele kulia, mimi nyuma yake, tukaenda tunabadilishana mabega. Mahali fulani kwenye matope, bila kugeuka, alisema, "Usiseme kitu. Nimetazama mimi."

"Mzee, mimi ndiye..."

"Shika vizuri, unamwangusha mtu."

Polisi walipokuja kutuhoji, mzee alisimama akasema ametazama yeye, akaona yeye, akataja yeye, na kijana huyu alibeba mizigo tu. Alisema hivyo bila kupepesa macho, na akaapa. Waliniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Mke wangu alikuwa mjamzito, na nilijiambia kwamba ninanyamaza kwa ajili yake. Si kweli. Niliogopa.

Alikaa ndani miezi kadhaa. Fundi alitozwa faini na kunyang'anywa leseni. Mzee alipotoka, hakuna aliyemwita tena porini, na ilijulikana mji mzima kwamba alikuwa haoni na akawatazamia wawindaji hivyohivyo. Watoto walimfuata barabarani wameweka ngumi machoni kama darubini. Mtu aliyekuwa akiwatambua watu kutoka ndani ya vumbi, sasa watu ndio waliomkwepa. Hata hadithi za simba aliziacha. Mwishowe binti yake, aliyeolewa Mlimba, alikuja kumchukua. Niliwasindikiza stesheni na kuwabebea godoro. Yule dada alinishukuru sana kwa wema wangu.

Ilinichukua miaka minne kupanda treni kwenda kumwona.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Macho yalikuwa meupe kabisa. Binti yake alikuwa anaanika mpunga juu ya mkeka, mgongo amenigeuzia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Hiyo sauti ina njaa. Karibu. Mama, mpokee mgeni mfuko, na uongeze maji kwenye wali, watu wa Ifakara wanakula."

"Wali hauongezwi maji, baba," binti akasema. "Karibu, kaka." Akaupeleka mfuko wangu ndani, akarudi kwenye mpunga wake.

Tulizungumza habari za mvua, za mwalimu wa Kiberege, za nani amekufa. Aliniuliza kama nimepata mtoto wa kiume au wa kike. Nikamwambia wa kike, yuko karibu kuanza shule. Akahesabu kwa vidole, na hesabu ile ilitupeleka sote wawili mahali pamoja.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo ili yule dada asisikie. Nilisema sikuliona lile sikio, nilisema nilijua habari ya macho yake tangu mwaka wa nyuma, nilisema ningeweza kubeba darubini ile nyingine.

"Najua," akasema. "Hukuvuta pumzi kabla ya kulitaja. Ukiona kitu kweli huwa unavuta pumzi."

"Na bado uliinamisha kichwa?"

"Niliinamisha." Akapapasa magoti yake. "Nilitaka yule bwana anyamaze. Kwa hiyo usibebe peke yako."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nilikupa palepale kwenye machela."

Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Nilidhani imekwisha. Nilidhani nitakula wali, nitalala, na kesho nitarudi Ifakara nikiwa mtu mwingine, na hakuna atakayejua zaidi yetu wawili. Niseme kweli, hicho ndicho nilichofuata Mlimba.

Mzee akageuza uso upande wa mkeka. "Mama! Acha huo mpunga, njoo hapa."

Binti akaja, anapangusa mikono kwenye khanga.

"Rudia," mzee akaniambia.

"Mzee..."

"Rudia. Mimi nimekusamehe, lakini mimi siendi kisimani. Huyu ndiye anayekwenda kisimani na maneno ya watu. Nilidanganya nikidhani uongo utanilemea mimi tu, kumbe umemlemea na yeye. Nimechoka nao. Rudia, na useme kwa sauti."

Nikarudia. Nilimwambia mgongo, nikamwambia mkia, nikamwambia sikio. Yule dada alisikiliza akiwa amesimama. Kuku waliingia kwenye mpunga, hakuwafukuza.

"Kwa hiyo baba hakulitaja yeye," alisema.

"Nililitaja mimi. Yeye alinifuata."

"Na mimi nilikushukuru stesheni."

"Ndiyo."

"Yule wa Michenga anajua?"

"Bado."

Aliingia ndani. Nilisikia mfuniko wa sufuria unafunguliwa na kufunikwa. Alipotoka alikuwa na mfuko wangu, akaniwekea miguuni taratibu, bila kuutupa.

"Treni ya kushuka inapita saa tisa," alisema. "Ukiondoka sasa utaiwahi, kaka."

Nilimtazama mzee. Harufu ya wali ilikuwa inatoka jikoni, na nilingoja aseme, mwacheni mgeni ale kwanza. Alikuwa anajua kwamba namtazama. Alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu, akaubana.

"Utakula ukirudi kutoka Michenga," akasema, akauachia.